Doti ya Bibi Harusi: Kutoka Misafara ya Tabora Hadi Cherehani Yako ya Kwanza



Kila msimu wa harusi ukikaribia, swali ni lile lile kwa sura tofauti. Mmoja ameletewa cherehani na mchumba wake, mwengine amerithi ya bibi yake na hajui hata uzi unapitia wapi, mwengine amechoka tu kuzungushwa na fundi wiki tatu kwa baibui moja. Wote wanataka kujua: nianze na nini, na ninunue nini kwanza?

Jibu langu ni fupi. Anza na doti ya kanga. Usianze na gauni la nikaha, wala abaya ya shifoni inayoteleza kama samaki. Chukua doti moja, ikate katikati, ikunge pindo zake. Ukiweza hilo, umeanza.

Lakini leo nataka tukae kidogo tulitazame neno lenyewe, doti. Tunalitamka kila siku: kaletewa doti kumi, kampa mama mkwe doti mbili. Kabla ya kuingia kwenye sanduku la bibi harusi, neno hili lilishatembea kwa miguu kutoka pwani hadi Unyamwezi, na wakati huo doti haikuwa zawadi. Ilikuwa fedha.

Fedha inayovaliwa

Neno doti limetoka kwa Wahindi. Kwao dhoti ni lile shuka refu ambalo mwanamme hujifunga kiunoni. Katika karne ya 19, misafara iliyoondoka Bagamoyo na bandari za jirani kwenda bara ililipa njiani kwa kitambaa, shanga na waya wa shaba. Mkulima wa Ugogo mwenye mtama wa kuuza alitaka kitu anachoweza kukivaa, kukiozea binti yake au kukibadilisha kwa jirani.

Basi kitambaa kikawa na hesabu zake, kama noti na chenji. Kipimo cha chini kilikuwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka moja, karibu yadi mbili. Shuka mbili ni doti moja, karibu yadi nne. Juu ya doti kuna jora zima. Kwa doti ulinunua chakula, ulilipa wapagazi, ulimtuliza mtawala aliyedai hongo ili msafara upite nchini mwake. Na kwa kuwa mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi, unaweza kukisia ubishi uliokuwepo kila kitambaa kilipokunjuliwa kupimwa. Sote tumesoma Surat Al-Mutaffifin na tunajua onyo lililomo kwa wanaopunja vipimo. Kwenye njia ile, kipimo kilikuwa mwili wa mtu mwenyewe.

Unataka kujua kitambaa kiasi gani? Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta David Livingstone, aliuliza wazoefu wa Unguja kabla ya kuondoka mwaka 1871. Akaambiwa doti 10 kwa siku zinatosha kuwalisha watu 100. Akapiga hesabu ya miaka miwili, akaona anahitaji doti 4,000 za merikani, doti 2,000 za kaniki na doti 1,300 za vitambaa vya rangi mchanganyiko. Ukizijumlisha ni zaidi ya yadi 29,000 kwa msafara wa mtu mmoja.

Kitambaa chote hicho kilikwenda kichwani na mabegani mwa watu. Kilikazwa kwa kamba kuwa mzigo wa kilo 30 hivi, na mzigo huo uliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba. Neno ambalo leo tunalitumia kwa nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaletwa kwetu kwa marobota, lilikuwa jina la mzigo wa kitambaa kipya wa mpagazi. Na mpagazi huyo mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, kwa maana Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walijenga misafara yao wenyewe, wakaijua njia kuliko wafanyabiashara waliowaajiri. Wake zao baadhi walifuatana nao, vyungu vya kupikia kichwani na mtoto mgongoni.

Mji ulioishi kwa kitambaa

Kutoka pwani hadi Tabora ni kama kilomita 800. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne. Siku hizo wageni waliliita eneo hilo Kazeh, ndani ya nchi ya Unyanyembe. Burton alipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu mwenye duka na nyumba ya heshima. Mwengine aliyejulikana sana pale alikuwa Musa Mzuri, Mhindi aliyetangulia kufika Unyamwezi akaifanya Kazeh kuwa kwake.

Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Msafara ulipofika, wapagazi walilipwa na kutawanyika, wengine wakaajiriwa. Mizigo ilifunguliwa na kuhesabiwa upya. Ndoa nazo zilifungwa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Dini, lugha yetu na mavazi yetu vilikwenda kwa njia hiyo hiyo, na mpaka leo ukifika Tabora utaona miembe ya zamani, utasikia adhana, na utaonyeshwa mtaa unaoitwa Ng'ambo kama ulivyo Ng'ambo wetu Unguja.

Nje kidogo ya mji, pale Kwihara, ipo nyumba ya tembe inayotunzwa kama makumbusho. Ndipo Stanley na Livingstone walipokaa mwaka 1872, na Livingstone akabaki miezi kadhaa akisubiri wapagazi wapya. Alipofariki mwaka uliofuata kusini kabisa, wasaidizi wake Chuma na Susi walimbeba kumrudisha pwani. Walimfunga kwa kitambaa, wakamtia ndani ya gome la mti, wakashonea turubai la tanga juu yake. Walipoipita Unyanyembe na kukuta watu njiani wanakataa maiti isipite nchini kwao, wakaufunga mzigo upya ukafanana na robota la kitambaa. Hakuna aliyeshuku. Kwenye njia ile hapakuwa na kitu cha kawaida zaidi kuliko mtumba wa nguo.

Merikani na kaniki

Sasa tuje kwenye kitambaa chenyewe, na hapa naomba tuwe wakweli.

Merikani ilikuwa pamba nyeupe isiyopaushwa, nzito, inayodumu. Jina lake ni asili yake. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akawasili Unguja. Alitokea Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na meli za Salem zilileta kitambaa na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1847 Salem wenyewe wakafungua kiwanda kikubwa cha kufuma kwa mvuke, kilichoitwa Naumkeag.

Pamba ya viwanda hivyo ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari hadi kwetu, ikabebwa hadi Tabora, na huko miongoni mwa vilivyonunuliwa kwa doti walikuwemo binadamu. Wengine waliletwa visiwani kwetu kwa njia hiyo hiyo, wakitembea pamoja na pembe. Wengi wetu tukifuatilia nasaba za bibi zetu tutakutana na Wanyamwezi na Wamanyema. Hatuna haja ya kuona haya. Haya ni ya aliyewanunua na aliyewauza.

Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikakaribia weusi. Iliuzwa rahisi, haionyeshi uchafu, na huku pwani na visiwani ikawa ndiyo nguo ya mtumwa wa kike pamoja na merikani. Alijifunga chini ya kwapa, mabega na kichwa wazi. Kitambaa kilimwambia kila mpita njia yeye ni nani na ni wa nani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuondoa utumwa visiwani ikatoka mwaka 1897. Moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya wanawake walioachwa huru lilikuwa kubadilisha nguo. Kaniki ikawekwa chini, kanga ikachukuliwa. Kichwa kikafunikwa, kama ambavyo mabibi waungwana walikuwa wakifunika. Sisi leo tunavaa mtandio bila kufikiri. Kwao ilikuwa haki mpya, na waliivaa mchana kweupe.

Nani alishika sindano?

Usije ukafikiri kushona kulikuwa kazi ya wanawake tangu zamani. Fundi wa nguo mjini alikuwa mwanamme, na alikaa barazani mbele za watu. Kanzu ilikuwa kazi yake, nayo ina elimu ndefu. Kuna badani, ambazo ni vipande vya mbele na nyuma. Kuna taharizi za ubavuni za kuipa kanzu upana. Kuna vikwapa ili mkono uinuke, sijafu za mikononi na kaba ya shingoni. Majina haya yote ni ya Kiswahili chetu, na mafundi walikuwa nayo kabla cherehani haijafika.

Wanawake walishona ndani. Visiwani walishona kofia, tundu kwa tundu, kazi ya wiki na miezi, na kofia hiyo ikauzwa au ikavishwa bwana harusi. Lakini nguo ya mwanamke wa kawaida ilikuwa haishonwi sana. Ilikuwa shuka mbili za kujifunga.

Ndipo inapoingia simulizi ya kanga ambayo tumeisikia kwa wakubwa zetu. Wanawake wa pwani walichoka na merikani na kaniki. Madukani kulikuwa na leso za rangi, zile leso za mraba zilizoanza kuletwa na Wareno, zikiuzwa kwa jora kabla hazijakatwa. Wakanunua leso sita. Wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa kuzishona, wakapata nguo moja pana ambayo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuileta. Ndizo zikaitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona zinapendwa, wakaagiza kitambaa kilichochapwa tayari kwa upana huo. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, tunayemjua kwa "Mali ya Abdulla", alifungua duka lake Mombasa, na jina lake likawa sehemu ya kanga zenyewe.

Itazame vizuri hiyo hadithi. Kwa miongo mingi kitambaa kilikuja kimeshaamuliwa: hiki cha kulipia mtama, hiki cha hongo, hiki cha kumvisha mtumwa. Wanawake walichukua mkasi, sindano na uzi, wakatoa kitu chao. Doti ikaacha kuwa fedha ya watu wengine ikawa nguo yao. Na kilichoigeuza ni mshono mmoja ulionyooka.

Cherehani na gari moshi

Wakati hayo yanatokea, mashine ilikuwa imeshazaliwa. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake tarehe 12 Agosti 1851. Singer hakuwa wa kwanza, ila kampuni yake ilijua kuuza. Tangu miaka ya 1850 mtu aliweza kuichukua cherehani nyumbani na kuilipa kidogo kidogo. Mwaka 1885 Singer wakafungua kiwanda kikubwa kule Clydebank, Uskochi, na cherehani nyingi nyeusi zenye maua ya dhahabu zilitoka huko zikaenea duniani.

Tofauti ilikuwa kubwa. Kampuni nyengine ya Marekani, Wheeler & Wilson, ilitangaza kwamba shati la kiume linalochukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono, lilichukua saa 1 na dakika 16 kwa mashine. Ni tangazo la biashara, lakini aliyewahi kukunga shuka zima kwa mkono atakubali kwamba halikuwa mbali na ukweli.

Waswahili waliipa jina zuri. Cherehani ni ndugu wa cherehe, kile kinoo cha gurudumu cha kunolea visu, na asili ya yote mawili ni neno la Kiajemi na Kihindi lenye maana ya gurudumu. Kwetu, basi, cherehani ni kitu kinachozunguka.

Sasa fikiria kuifikisha Tabora. Kichwa cha cherehani ya zamani ni chuma kitupu, na miguu yake pia ni chuma. Mzigo kama huo kwenye bega la mtu kwa kilomita 800 ni adhabu. Kilichobadilisha mambo ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likafika ziwani, na Tabora ikawa njia panda tena, mara hii ya garimoshi. Misafara ikafa. Mzigo mzito ukawa rahisi kusafirishwa, na fundi wa baraza akapata mashine, duka la Mhindi mbele yake na jora la kitambaa ndani ya duka. Mpangilio huo wa mteja kununua kitambaa dukani na kupimwa hapo hapo nje mpaka leo haujaondoka katika miji yetu.

Kila kitambaa kilipoadimika

Naandika haya kwa sababu moja. Historia hii inaonyesha kwamba kitambaa huja na kuondoka, na anayebaki na kitu ni yule mwenye ujuzi.

Mara ya kwanza ilikuwa 1861 hadi 1865. Marekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, merikani ikaadimika, na vitambaa vya India na Uingereza vikachukua nafasi yake. Watu wa njia ile wakajua kwamba vita vya mbali vinaweza kukuvua nguo.

Mara ya pili ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Meli za Waingereza zilizuia bandari, na koloni zima la Wajerumani likakosa nguo mpya. Hapo ikabidi watu warudi kusokota na kufuma pamba kwa mkono. Unyamwezi ilikuwa na mitambo yake ya mkono ya kufumia tangu zamani, wasafiri wa miaka ya 1850 waliiona, lakini kitambaa cha kununua kilikuwa kimeshaisukuma pembeni. Mpaka majeshi ya Wabelgiji yanaingia Tabora mwezi Septemba 1916, ujuzi ule uliodharauliwa ulikuwa umeshatafutwa tena.

Mara ya tatu wengi wetu tuna mama zetu wa kutuhadithia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanga ilikuwa kitu cha foleni na mgao. Nguo moja iligeuzwa ndani nje, gauni la mama likawa la mtoto, shuka likawa pazia. Nyumba iliyokuwa na cherehani, mtaa mzima uliijua mlango wake.

Leo maduka yamejaa na kontena la mitumba halikosekani. Pamba bado inalimwa huko huko mkoani Tabora, Igunga na Nzega, na mjini kwao kilijengwa kiwanda cha kusokota nyuzi, Tabotex. Hata hivyo nguo nyingi tunazovaa zimeshonwa na wanawake wa nchi nyengine tusiowajua wala kujua wanalipwa nini. Sikuambii uache kununua. Nakuambia ujue kushona.

Vya kuanzia

Cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka inatosha: ya mkono, ya mguu au ya umeme. Ukiipata ya zamani, usiidharau. Isafishe vumbi chini ya bamba la meno, itie matone machache ya mafuta ya cherehani (si ya kupikia, tafadhali), izungushe taratibu mpaka ilainike.

Kisha kusanya hivi, na usinunue zaidi kwanza:

- Mkasi mzuri wa kitambaa peke yake. Watoto wakikatia karatasi, umekwisha.
- Tepu ya kupimia. Mkono wa Kazeh tumeuacha huko huko.
- Chaki ya fundi au kipande chembamba cha sabuni kavu.
- Pini za kushikizia na sindano moja ya mkono ya kupigia bandi.
- Sindano za cherehani. Namba 14 kwa kanga na pamba ya kawaida, namba 11 kwa vitambaa vyepesi kama shifoni, namba 16 kwa vizito. Sindano butu ndiyo inayoruka mishono, si mashine mbovu.
- Bobini nne au tano zinazolingana na mashine yako. Nenda na moja ya zamani dukani ukalinganishe.
- Uzi imara, rangi nyeupe, nyeusi na moja ya kanga yako. Ukiuvuta ukakatika kwa urahisi, urudishe.
- Kichuma cha kufumulia. Utafumua, na si aibu.
- Pasi. Nusu ya ushonaji mzuri ni pasi.

Siku ya kwanza usitie uzi. Chora mistari kwenye karatasi, uipitishe chini ya sindano mpaka mkono na mguu vikubaliane. Siku ya pili tia uzi, jaribu kwenye kipande cha kitambaa kikuukuu.

Siku ya tatu chukua doti yako. Iloweke kwanza kwenye maji baridi ili wanga na rangi ya ziada vitoke, ianike, ipige pasi. Kata pale kanga mbili zinapokutana. Utaona kwamba zile kingo ndefu hazifumuki, zimefungwa tangu kiwandani. Zinazofumuka ni zile fupi, mbili kwa kila kanga, jumla nne. Pinda nusu sentimita, pasi. Pinda tena sentimita moja, pasi, pini. Sasa shona karibu na ukingo wa ndani, polepole, bila kuvuta kitambaa. Iache mashine iende nacho, wewe ongoza tu. Mwanzo na mwisho rudi nyuma mishono mitatu ili uzi ujifunge.

Kanga ina upana wa kama sentimita 110. Kingo nne ni zaidi ya mita nne za mshono ulionyooka. Ukizimaliza umefanya mazoezi mengi kuliko darasa la siku nzima, na umepata nguo ya kuvaa. Ukifika doti ya tatu, jaribu foronya. Baada ya foronya, sketi ya lastiki ya kuvalia ndani ya baibui. Baibui lenyewe litakuja, InshaAllah.

Kunga

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Kukunga ni kushona pindo la nguo lisifumuke. Na kunga ni yale mafunzo ya siri ambayo somo humpa mwari kabla hajaingia nyumbani kwake. Sijui kama wazee waliyakusudia yakutane, lakini kwa bibi harusi yanakutana vizuri.

Kwa hiyo dada yangu, ukifungua sanduku lako ukaikuta ile doti mpya, bado ina harufu ya dukani, kingo zake zikichanikachanika, usikimbilie kumpelekea fundi. Kumbuka ilikotoka. Kuna aliyeibeba ikiwa mtumba mpaka Tabora. Kuna aliyenunuliwa kwayo. Kuna aliyeiunganisha kwa sindano yake ili avae kitu alichokichagua mwenyewe. Kaa chini, sema Bismillah, ukunge pindo zako.

Nawaombea kheri mabibi harusi wote wa msimu huu. Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma. Aamiyn.